Mtoto ale chakula kiasi gani? Mwongozo kamili wa kupima na kurekebisha mlo, miezi 6 hadi 12

"Vijiko vingapi?" Swali hili halikauki, na majibu yapo tele, lakini wazazi wanaendelea kukwama palepale. Mmoja mtoto wake wa miezi 10 anamaliza bakuli zima mara tatu kwa siku na uzito hausogei. Mwingine wake anakubali vijiko vitatu, cha nne anakitema, na nyumba nzima imeshikwa na wasiwasi.

Ukiwauliza zaidi, wa kwanza analisha uji mwepesi unaoteleza kijikoni, na wa pili anatumia kijiko kikubwa cha kupakulia kwa mtoto aliyenyonya muda mfupi uliopita. Wote wana idadi ya vijiko, ila hakuna anayejua ndani ya kijiko kuna nini. Kiasi cha chakula cha mtoto hupatikana kwa kuangalia vitu vitatu pamoja: ujazo wa chombo, uzito wa chakula chenyewe (yaani ni kizito au ni chepesi kama maji), na mtoto anavyokipokea. Ukikosa kimoja, hesabu nzima inapinda.

## Andaa hivi kwanza

- Bakuli moja dogo la mtoto, la peke yake, litumike kila siku
- Kijiko kidogo chenye ncha laini cha kulishia
- Kikombe cha kupimia cha mililita 250, au chombo chochote chenye alama za mililita (chupa ya maziwa inafaa)
- Kijiko cha chakula (mililita 15) na kijiko cha chai (mililita 5). Kijiko kinachokuja na dawa ya maji huwa na vipimo sahihi
- Kadi ya kliniki yenye chati ya ukuaji
- Daftari na kalamu
- Uma wa kupondea

Brenda (mashine ya kusagia chakula) si lazima. Tena ukiizoea sana, itakuchelewesha huko mbele. Sababu iko hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Hakikisha wakati umefika

Chakula huanza mtoto akitimiza miezi 6, yaani siku 180 hivi. Kabla ya hapo maziwa ya mama pekee yanatosha. Kuchelewa sana baada ya hapo nako kuna hasara, hasa kwa sababu akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa inakaribia kuisha.

Pamoja na umri, angalia mwili. Anakaa akisaidiwa kidogo na shingo imekaza? Anafuatilia chakula kwa macho na kukipelekea mkono? Ukimwekea kitu mdomoni, anakimeza au ulimi unakisukuma nje papo hapo? Ulimi ukiendelea kusukuma kila kitu nje, subiri siku chache ujaribu tena.

Aliyezaliwa kabla ya wakati ana hesabu yake. Muulize mhudumu wa afya anayemfuatilia, usitumie tarehe ya kuzaliwa peke yake.

## Hatua ya 2: Pima vyombo vyako

Hatua hii ni ya dakika tano, na wengi wanaoruka hapa ndio wanaorudi na maswali.

Chukua maji. Jaza kijiko cha kulishia, mimina kwenye chombo cha kupimia, na uhesabu ni mara ngapi unafikisha mililita 15. Kijiko kidogo cha mtoto mara nyingi hubeba mililita 3 hadi 5, kwa hiyo "vijiko vitatu vya chakula" vinaweza kuwa vijiko tisa hadi kumi na tano vya mtoto wako.

Kisha weka maji mililita 125 kwenye bakuli lake, ambayo ni nusu ya kikombe cha mililita 250. Piga alama kwa nje mahali maji yalipofika. Alama hiyo utaitumia kwa miezi mingi.

Umefaulu ukiweza kusema, bila kubahatisha, "amekula mililita 60" badala ya "amekula kidogo".

## Hatua ya 3: Anza na kiasi cha umri wake

Hivi ndivyo viwango vinavyotumika katika mafunzo ya ulishaji wa watoto ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa mtoto anayenyonya:

Miezi 6, mwanzo kabisa. Vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku. Siku za kwanza hata kijiko kimoja cha chai ni mlo. Anajifunza kumeza, kushiba anakupata kwenye maziwa.

Miezi 7 na 8. Panda polepole kutoka vijiko hivyo mpaka ufike karibu na nusu kikombe cha mililita 250. Milo 2 hadi 3.

Miezi 9 hadi 11. Nusu kikombe kwa mlo, milo 3 hadi 4. Kati ya milo anaweza kupata kitafunwa kimoja au viwili, kama tunda laini.

Kuanzia miezi 12. Robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, milo 3 hadi 4, na vitafunwa kama kawaida.

Viwango hivi ni mahali pa kuanzia. Vinachukulia kwamba chakula ni kizito na mtoto ananyonya vizuri. Mtoto wa miezi 8 anayekula theluthi moja ya kikombe huku anakua sawasawa hana tatizo lolote, hata kama wa jirani anamaliza nusu.

Kwa asiyenyonya, ongeza mlo mmoja au miwili kwa siku, pamoja na vikombe 1 hadi 2 vya maziwa. Zungumza na mhudumu wa afya kuhusu aina ya maziwa inayofaa kabla ya mwaka mmoja.

Na maziwa ya mama yabaki. Kati ya miezi 6 na 12 bado yanampa mtoto nusu au zaidi ya nguvu anazohitaji kwa siku. Anayepunguza kunyonyesha ili mtoto "apate njaa ale" anaondoa chakula kizuri kuliko kile anachoingiza.

## Hatua ya 4: Pima uzito wa chakula chenyewe

Hapa tukae, kwa sababu hapa ndipo bakuli linapomaliziwa na mtoto akabaki na uzito uleule.

Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 8.5 basi anaweza kupokea mililita 255 hivi kwa mara moja, akijazwa hadi juu. Mtoto huyo wa miezi 9 hadi 11 anahitaji karibu kilokalori 300 (kipimo cha nguvu iliyo kwenye chakula) kwa siku kutoka kwenye chakula. Nyingine zinatoka kwenye maziwa ya mama.

Chukua uji mwepesi. Unga wa nafaka una kilokalori kama 350 kwa gramu 100. Ukiweka gramu 10 za unga kwenye uji ambao ukiiva una gramu 100, umepata kilokalori 35 tu. Ili afikishe 300 kwa uji huo, anahitaji gramu 850 na zaidi. Gawa kwa milo mitatu: karibu gramu 285 kila mlo, kuliko tumbo linavyobeba. Atashiba, atakataa ziwa, na bado atakuwa na upungufu.

Sasa ufanye mzito. Gramu 15 za unga kwenye kila gramu 100 zinaleta kilokalori 52. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha siagi laini ya karanga, karibu kilokalori 30, na umefika 80 na ushee. Kwa chakula cha aina hiyo nusu kikombe mara tatu kwa siku inatosha kufikisha 300. Chombo ni kilekile na vijiko ni vilevile, ila mtoto amepata mara mbili na zaidi.

Nyumbani huhitaji mizani kila siku. Fanya jaribio la kijiko: chota chakula, inamisha kijiko pembeni. Kikimwagika mara moja, ni chepesi. Kikibaki kimeshikilia kijiko na kuanguka polepole kwa bonge, ni sawa.

Namna za kukifanya kizito:

- Punguza maji ya kupikia. Mtoto akihitaji ulaini, lainisha kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa badala ya maji au mchuzi mtupu. Supu ya maji ina harufu ya nyama na nyama yenyewe imebaki sufuriani.
- Ponda maharage, dengu, kiini cha yai kilichoiva, samaki au nyama iliyosagwa ndani ya chakula.
- Ongeza mafuta kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa bakuli (karibu kilokalori 40). Usizidishe: mafuta yanatoa nguvu lakini hayana chuma wala protini, na yakijaa bakuli yanachukua nafasi ya vyenye hivyo.

Onyo kwa karanga na yai: mpe kidogo sana mara ya kwanza, mchana, ukiwa naye, umwangalie. Hakuna faida ya kuvichelewesha miezi mingi, lakini mtoto mwenye ukurutu mkali au aliyewahi kudhurika na chakula fulani aonwe na daktari kwanza.

Kuhusu brenda: mwezi wa kwanza wa kula, chakula kilichopondwa laini kinafaa. Kufikia miezi 8 wengi wanaweza kushika vipande laini na kuvipeleka mdomoni wenyewe, na kufikia miezi 12 wengi wanakula chakula cha familia. Mtoto anayesagiwa kila kitu mpaka miezi 10 mara nyingi anakuja kukataa chenga, kisha mzazi anarudia kulainisha, na chakula laini hivyo kinahitaji maji mengi. Umerudi kwenye uji mwepesi kwa mlango wa nyuma.

## Hatua ya 5: Jaza bakuli kwa mpangilio

Nafaka au viazi peke yake havitoshi, hata vikiwa vizito. Kwa kila mlo jiulize: chuma kiko wapi? Nyama, maini, samaki, yai na jamii ya kunde ndiyo majibu. Ukitegemea kunde, weka tunda au mboga yenye vitamini C kwenye mlo uleule, kwa sababu vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea. Chai isimfikie kabisa, inazuia chuma.

Baada ya hapo ongeza mboga au tunda la rangi ya machungwa au kijani kibichi. Kwa siku nzima lenga makundi matano kati ya haya manane: maziwa ya mama; nafaka na mizizi; kunde, karanga na mbegu; maziwa na mtindi; nyama na samaki; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A; matunda na mboga nyingine.

Chumvi na sukari achana nazo. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja, hata kidogo kwenye uji, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu inayolegeza misuli, kwa watoto wachanga. Juisi pia isubiri. Inajaza tumbo bure. Maji safi, mafunda machache wakati wa chakula, yanatosha.

## Hatua ya 6: Lisha kwa kumfuata mtoto

Mpakulie kiasi ulichopanga. Kuanzia hapo mwenye uamuzi ni yeye.

Mtoto mwenye njaa hulisogelea kijiko, hufungua mdomo kabla hakijafika, hupiga meza au kukasirika ukichelewa. Anayeshiba hupunguza kasi kwanza. Kisha hugeuza kichwa, hufunga midomo, husukuma kijiko, huanza kuchezea chakula au kuangalia vitu vingine. Dalili ya mwisho ni kulia, na ukisubiri mpaka hapo umechelewa.

Akigeuza kichwa mara moja, tulia kidogo, zungumza naye, mpe tena. Huenda alikuwa anameza tu. Akikataa mara ya pili na ya tatu, mlo umekwisha. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa mlo mmoja.

Kumshika mikono, kumbana pua au kumimina chakula kooni ni hatari: chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Halafu mtoto anaanza kulia akiona bakuli tu, na hapo hesabu zote za mwongozo huu hazina kazi. Simu na televisheni nazo zinaleta matokeo ya uongo. Mtoto anafungua mdomo bila kujua anakula, na wewe unapoteza kipimo chako bora, ambacho ni shibe yake.

Chakula kipya akikataa, usikifute kwenye orodha. Watoto wengi hukubali ladha baada ya kuonjeshwa mara 8 hadi 10 na zaidi, siku tofauti, bila kugombana.

Tahadhari ya kupaliwa. Mketishe wima, usimwache peke yake. Karanga nzima, zabibu nzima, vipande vigumu vya karoti au tufaha mbichi na peremende havimfai. Akikohoa kwa sauti na kutoa ulimi, anajisaidia, mwache akohoe. Akinyamaza, hawezi kulia wala kuvuta pumzi, hiyo ni dharura: ita msaada, mlaze kifudifudi mkononi kichwa kikiwa chini kidogo, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5, kisipotoka, mgeuze na umsukume katikati ya kifua mara 5, urudie. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe kwa vitendo kabla hujahitaji.

## Hatua ya 7: Andika siku tatu, kisha rekebisha

Siku moja haisemi kitu. Mtoto anaweza kula bakuli zima Jumatatu na vijiko vinne Jumanne, na yote yakawa kawaida. Kwa siku tatu mfululizo andika saa, chakula, kiasi alichokula kwa mililita (ulichopakua toa kilichobaki), na alinyonya lini.

Kisha soma daftari lako hivi:

- Anamaliza kila mlo na anatafuta zaidi. Ongeza vijiko viwili vya chakula kwa mlo. Akiendelea kumaliza, ongeza mlo.
- Anabakiza kila mara, lakini anakua vizuri. Pakua kidogo zaidi, uache kuhangaika.
- Anabakiza mlo uleule kila siku. Angalia kilichotangulia. Kama alinyonya au alipewa kitafunwa nusu saa kabla, sogeza muda. Kama ni saa yake ya usingizi, mlishe mapema.
- Anamaliza lakini uzito umesimama. Rudi hatua ya 4 kabla ya kuongeza kiasi. Mara nyingi chakula ni chepesi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati na ukipe siku kadhaa. Ukiongeza mlo, ukabadilisha unga na kuhamisha saa za kulala kwa pamoja, hutajua kilichosaidia.

Kilichobaki kwenye bakuli alilokula kimwagwe. Mate yake yameshaingia na vijidudu vitazaliana. Ndiyo maana ni busara kupakua kidogo na kuongeza. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2.

## Hatua ya 8: Acha chati ya ukuaji iseme

Mpeleke kupimwa uzito na urefu kama ratiba ya kliniki inavyotaka. Unachotafuta ni mstari unaopanda sambamba na mistari ya chati, hata kama uko chini ya ule wa katikati.

Wengi hushtuka hapa bila sababu. Katika chati za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa katikati huzaliwa na kilo 3.3 na kufika 7.9 akiwa na miezi 6. Miezi 6 inayofuata anaongeza 1.7 tu, mpaka 9.6. Msichana anatoka 7.3 hadi 8.9. Kasi inapungua kwa wote, na inapungua wakati uleule chakula kinapoanza, ndiyo maana chakula hulaumiwa. Mstari uliolala kabisa au unaoshuka ndio unaotakiwa kukushtua.

## Mtoto akiumwa

Tupa ratiba kwa muda. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe chakula laini anachokipenda, kidogokidogo na mara nyingi. Akipona, ongeza mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili ili afidie alichopoteza. Katika siku hizo anaweza kula kuliko kiwango cha umri wake, mwachie ale.

## Wakati wa kwenda kliniki bila kungoja siku ya ratiba

Nenda kama amekataa chakula na maziwa kwa pamoja, anatapika kila anachokula, anaharisha damu, mkojo umepungua sana, amelegea au anasinzia kuliko kawaida. Nenda pia kama uzito umeshuka, au haujaongezeka kwa vipimo viwili vinavyofuatana, au amevimba midomo, ametoka vipele au anapumua kwa shida baada ya kula kitu. Kupumua kwa shida ni dharura, usisubiri asubuhi.

Beba kadi ya kliniki na daftari la siku tatu. Na kama unaweza, beba chakula chenyewe kwenye chombo kidogo: muuguzi akikiona kikimiminika kutoka kwenye kijiko, nusu ya maswali yake yatakuwa yamejibiwa.